Milioni mbili za kikoba: kisima, bomba au choo?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni mpangaji Vingunguti, Dar es Salaam, na ni katibu wa kikoba cha akina mama wa nyumba 11 za uchochoro mmoja. Nyumba yetu ina vyumba sita na watu 23. Tunanunua madumu 30 ya lita 20 kila siku kwa jirani mwenye bomba, shilingi 100 dumu moja. Bomba lake likikauka tunanunua ya mkokoteni kwa 300. Choo chetu ni cha shimo, kila masika kinajaa, na mwenye nyumba husubiri mvua kubwa akitapishe mtaroni. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka miwili aliharisha siku nne. Kikoba kina milioni mbili. Fundi mmoja anasema kwa fedha hiyo atatuchimbia kisima nyuma ya nyumba. Wengine wanataka tuvute bomba, wengine tujenge choo. Tuanze na lipi?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Tuanze na mtoto. Akiharisha tena, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo kwa kikombe, na umfikishe kituo cha afya wampe vidonge vya zinki. Huwa vinatolewa kwa siku 10 hadi 14, naye avimalize hata kama tumbo limetulia siku ya pili. Asiachishwe kula wala kunyonya. Ila akitoa choo cha majimaji kama maji ya kuoshea mchele, usisubiri kupambazuke. Tuliona Agosti 2015 kipindupindu kilivyoanza hapahapa Dar es Salaam kikasambaa mikoa mingi, na waliotangulia kuugua walikuwa watu wa mitaa inayofanana na yenu.

Sasa kisima. Ninakusihi, fundi huyo msimpe fedha.

Nyuma ya nyumba yenu kuna shimo la choo, na nyuma ya kila nyumba ya jirani kuna lingine. Umbali tunaoutaka kati ya kisima cha kunywa na shimo la choo ni mita 30 angalau. Chukua futi kamba upime uchochoro wenu, hutapata mahali popote penye nafasi hiyo. Halafu umeniambia mwenyewe kwamba choo kinajaa kila masika. Maana yake maji ya ardhini yanapanda hadi kwenye mashimo, na kisima kifupi kitakunywa kutoka humohumo.

Niliwahi kupima kisima cha mtaa mmoja wa jiji hili, maji yake meupe, baridi, matamu, na wenyeji wakijivunia kuwa hawajapata kuugua. Tulichota sampuli asubuhi. Kesho yake sahani ya maabara ilikuwa imejaa vidoa vya vimelea vya kinyesi, tukashindwa hata kuvihesabu. Nitrati nayo ilikuwa juu, na hiyo chanzo chake ni mkojo unaonywea ardhini miaka nenda rudi. Utasema tutachemsha. Kuchemsha kunaua vimelea, lakini nitrati haitoki kwa moto. Maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyozidi kukolea, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya chupa kwa maji hayo damu yake hushindwa kubeba hewa vizuri. Kisima kirefu cha kuaminika ni habari nyingine: visima vya Kimbiji kule Kigamboni, ambavyo jiji lilivikimbilia wakati wa ukame wa mwisho wa 2022, vina kina cha mamia ya mita. Milioni mbili haifiki huko. Kama kuna kisima kifupi ambacho tayari kipo jirani, kitumieni kudekia na kumwagia chooni, kiwe na mfuniko, basi.

Hebu sasa tukae na hesabu yako, maana humo ndimo jibu lilimo.

Madumu 30 kwa siku ni lita 600. Kwa watu 23, kila mmoja anapata lita 26 hivi za kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Kiasi hicho kinamweka mtu hai, lakini kwa usafi wa kutosha tunahesabu kama lita 50. Kwa shilingi 100 dumu, mnatoa 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi, kwa uniti 18. Yaani uniti moja, lita 1,000, mnainunua kwa 5,000. Bei ya uniti ambayo EWURA, mdhibiti wa bei za maji na nishati, humwidhinishia mteja wa nyumbani wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, haijafika hata nusu ya hapo kwa miaka yote ninayoikumbuka. Siku za mkokoteni ndiyo usiseme: uniti moja inafika 15,000. Kwa hiyo nyumba yenu peke yake inapoteza si chini ya 45,000 kila mwezi, na kama nyumba nyingine kumi zinafanana na yenu, uchochoro wote unamwaga karibu laki tano kwa mwezi juu ya bei halali ya maji.

Nimezunguka na hesabu hii kwenye vikao miaka mingi, na bado inaniuma. Ofisini mtu anaandika kwamba wananchi wa maeneo haya hawana uwezo wa kulipia maji, kumbe wanalipa kuliko anayemwagilia bustani Masaki. Wanalipa kwa dumu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kulipa kwa njia nyingine. Wenye kuiendesha huduma wamebadilika: 2003 ilikabidhiwa kampuni binafsi, 2005 mkataba ukavunjwa, ikaja DAWASCO, na 2018 ikaunganishwa na DAWASA ya sasa. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini imepanuliwa, maji yanayoingia jijini ni mengi kuliko zamani. Lakini mama wa uchochoroni bado anaamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba la jirani linakohoa. Kinachomzuia ni gharama ya kuunganishwa inayotakiwa yote kwa mkupuo, na ile hati ya nyumba ambayo mpangaji hana.

Mkupuo huo ndio kazi ya kikoba. Msiombe kila nyumba kivyake. Mkienda mmoja mmoja, kila mtu atavuta bomba lake jembamba kutoka barabarani, mabomba 11 yatapita juu ya ardhi kando ya mtaro, moja litakanyagwa na guta, jingine litatobolewa, na mgao ukija yatabaki matupu yakinyonya maji ya mtaro kupitia kila ufa. Nendeni pamoja na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muombe bomba moja nene liingie uchochoroni likiwa limefukiwa, kisha kila nyumba ipate mita yake kutoka hapo. Ulizeni kwa maandishi kama mnaweza kulipa gharama za kuunganishwa kwa awamu pamoja na bili, maana mamlaka imewahi kuunganisha wateja kwa mkopo wa namna hiyo. Wakishindwa kufikisha mita kwa kila nyumba, ombeni gati moja, yaani kituo cha koki za pamoja, la uchochoro lenye mita, nanyi mlisimamie. Kisumu wamefanya karibu hivyo Nyalenda: KIWASCO, kampuni ya maji ya mji huo, wanauza maji kwa jumla kwenye mita kubwa pembezoni mwa mtaa, na msimamizi wa hapohapo anayasambaza ndani na kukusanya fedha.

Kuhusu gati, nikuonye kwa jambo lililonikuta. Nikiwa kijana kazini tulisaidia kujenga gati kwenye mtaa mmoja, tukalizindua kwa ngoma. Fedha za madumu zilikuwa zikitiwa kwenye kopo la maziwa, na kopo lilikaa kwa mweka hazina. Hakuwa mwizi wa kuzaliwa. Mtoto wake aliugua, akakopa kidogo, akakopa tena. Baada ya miezi mitano bili ikafika mahali ambapo hakuna aliyeweza kuilipa, mamlaka ikakata maji, na gati likageuka mahali pa kuanikia nguo. Nalaumu kopo kuliko nilivyomlaumu yule mama. Kwenu fedha ziende kwenye akaunti ya kikundi ya simu yenye watia saini watatu, zitumwe kila jioni. Bili ikifika isomwe kwa sauti na ibandikwe ukutani. Mita isomwe na watu wawili kila Jumamosi, na usiku mmoja kwa mwezi fungeni koki zote mtazame kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita: kikizunguka huku koki zimefungwa, mna bomba linalovuja.

Hata bomba likiingia, mgao utakuwepo. Nunueni simtanki moja ya uchochoro kabla ya kufikiria kitu kingine cha kifahari. Maji yanaporudi baada ya kukatika, yale ya kwanza yenye rangi yapeleke chooni. Ya kunywa yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uache nusu saa, au uyachemshe. Na dumu lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo wazi, kwa sababu mikono ya watoto haiingii. Maji mengi niliyowahi kuyapima yalitoka bombani yakiwa salama, yakachafukia ndani ya nyumba.

Choo sasa. Hapa ndipo nitakapokukalisha kidogo.

Mnaposema choo kimejaa, mnaweza kuwa mnasema mambo mawili tofauti. Shimo linaweza kujaa kinyesi, au linaweza kujaa maji. Tunakadiria mtu mmoja anaacha kama lita 40 za tope kwa mwaka kwenye shimo lenye maji. Watu 23 ni lita 920. Shimo la upana wa mita moja na kina cha mita mbili linabeba kama lita 1,500, kwa hiyo kwa kinyesi peke yake lingewafikisha zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Lenu linajaa kila masika na nina hakika likija jua la Agosti linashuka lenyewe. Hayo ni maji ya ardhini. Chukua fito ndefu, ifunge kitambaa cheupe, izamishe taratibu hadi igome, uitoe: sehemu iliyochovya maji na sehemu iliyochovya tope zitaonekana wazi. Ikiwa tope ni kidogo, basi mwenye nyumba akichimba shimo jipya refu zaidi atakuwa anachimba kisima cha kinyesi, na masika ijayo mtarudi palepale.

Kwa shimo lililopo, kabla ya masika, litoeni tope kwa njia halali. Gari la kunyonya majitaka halipiti uchochoroni, najua, lakini viko vikundi vinavyotumia pampu ya mkono inayoitwa Gulper. Inaingizwa kwenye tundu la choo, mtu anavuta mpini, tope linapanda na kumiminika kwenye mapipa, mapipa yanapakiwa kwenye guta au Kirikuu hadi kwenye mabwawa ya majitaka. Ninyi mna bahati ambayo Tandale hawana, mabwawa ya Vingunguti yako karibu, kwa hiyo gharama ya usafiri ni ndogo. Ulizeni kwa bwana afya wa kata ni vikundi gani vinatambuliwa, na msiruhusu mtu yeyote aingie shimoni, hata akisema ndiyo kazi yake. Hewa ya humo huangusha mtu mzima kabla hajapiga kelele. Wale tunaowaita vyura, wanaobomoa ukuta wa shimo na kuingia kwa ndoo na mafuta ya taa, ni vijana wetu, na nimewazika wawili.

Kutapisha nako kukome. Namwelewa mwenye nyumba, kwake ni bure. Lakini maji yale yanateremka hadi mlangoni kwa mtu wa bondeni na hadi Mto Msimbazi, na baadhi yanaingia kwenye yale mabomba membamba niliyokutajia. Mtoto wako huenda aliharisha kwa kinyesi cha nyumba ya juu yenu, na mtoto wa nyumba ya chini akaharisha kwa chenu.

Suluhisho la kudumu kwa mahali pa aina yenu ni bomba la majitaka lililorahisishwa. Si ndoto ya vitabuni. Wabrazili walianza jimbo la Rio Grande do Norte mwanzoni mwa miaka ya 1980, mhandisi José Carlos Melo akihoji kwa nini bomba la nyumba maskini lifukiwe kina cha barabara ya malori wakati juu yake wanapita watu wa miguu tu. Karachi kule Pakistan, kwenye mtaa mkubwa wa Orangi, Akhtar Hameed Khan alianza 1980 na jambo hilohilo kwa upande wa watu: kila uchochoro wa nyumba 20 hadi 40 uliunda kikundi, ukachagua msimamizi wake, ukalipia na kujenga bomba lake wenyewe, na serikali ikaachiwa mabomba makuu na usafishaji. Na hapohapo Vingunguti kwenu, Shirikisho la Watu Maskini Mijini na shirika la CCI walishaunganisha nyumba kwa mabomba ya namna hii kwenda kwenye yale mabwawa. Tembeeni mkayaone, ni bure. Muulizeni mama wa nyumba iliyounganishwa kinachomsumbua, atakwambia kweli kuliko mimi.

Kazi yenyewe iko hivi. Bomba la inchi 4, kina cha sentimita 40 hivi mahali pasipopita gari, mteremko wa sentimita tano kwa kila mita 10, na chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia na kuzibulia, kila mahali nyumba inapoungana au bomba linapokata kona. Sentimita tano kwa mita 10 ni kidogo sana kwa macho, hapo ndipo mafundi wengi huharibu. Msikubali fundi anayekadiria. Atumie pima maji ya mpira: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji bila povu, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, maji yakitulia wanapiga alama kwenye vigingi. Niliwahi kufungua chemba iliyoziba mara tatu kwa mwezi mmoja. Tulitoa kipande cha khanga, pempasi mbili na gunzi la muhindi, lakini vyote vilikuwa vimekwama mahali pamoja, pale ambapo bomba lilipanda sentimita mbili badala ya kushuka. Tulipolilaza upya, chemba ile haikuziba tena kwa muda wote niliokuwa pale. Bado wekeni kichujio jikoni na pipa la taka chooni.

Na bomba hili linataka maji. Kwa lita 26 za sasa litakuwa linaziba, kwa hiyo ndiyo maana nasema bomba la maji kwanza. Maji ya kufulia yamwagwe chooni, yanasukuma vizuri.

Lipo jambo la mwenye nyumba ambalo wahandisi wenzangu hulikimbia. Ninyi ni wapangaji. Mkimwekea bomba na choo kizuri, mwaka ujao anaweza kupandisha kodi, na mliochangia mkahama. Kaeni naye mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla hata jiwe moja halijanunuliwa. Muandikishane kwamba fedha za kikoba zilizotumika kwenye nyumba yake ni mkopo utakaokatwa kwenye kodi, na kwamba kodi haipandi kwa miaka miwili. Mkumbusheni pia kuwa kutapisha ni kosa ambalo bwana afya anaweza kumtoza faini, na hilo lisemwe kwa upole, na mtu mzima anayemheshimu. Wenye nyumba wengi niliokaa nao walikubali kulipa sehemu walipoona wapangaji wamekuja na hesabu iliyoandikwa.

Kwa milioni mbili yenu, basi, ningefanya hivi. Kutoa tope la choo chenu na vingine vilivyo hatarini, kabla ya Machi, kila mwenye nyumba akichangia. Kiasi kikubwa kiende kwenye kuunganishiwa maji, kwa awamu ikiwezekana, na simtanki. Ile fedha inayookolewa kwenye bei ya dumu msiitawanye: nusu yake irudi kikobani kila mwezi, na kama nyumba zote 11 zitaingia, ndani ya mwaka mtakuwa mmekaribia milioni tatu. Hiyo ndiyo fedha ya bomba la majitaka la uchochoro wenu. Chemba kuu na njia ya kufika bwawani ni wajibu wa mamlaka. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 inaipa mamlaka ya maji kazi zote mbili, majisafi na majitaka, kwa hiyo barua yenu itaje zote mbili, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakati mnasubiri majibu, nipimie vitu vitatu. Urefu wa uchochoro kutoka nyumba ya juu hadi ya chini. Tofauti ya kimo kati ya nyumba hizo mbili, kwa mpira wa maji kama nilivyoeleza. Na kina cha maji kwenye shimo la choo kwa ile fito, mara moja sasa na mara moja baada ya mvua ya kwanza. Niletee hapa, nitakuchorea mstari wa bomba na mahali pa kila chemba.